Simile

Buni haina harufu ya kahawa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza katika maghala ya Shimanzi, hapa Mombasa, mwanangu, na nakuanzia hapo kwa kuwa wewe kahawa waijua ya kikombeni tu, ile ambayo mwenye dele hupita nayo Ndia Kuu jioni akigonganisha vikombe. Kahawa ambayo haijaonja moto hunukia majani yaliyonyeshewa kisha yakaanikwa kivulini, na ndani ya ghala harufu hiyo huchanganyika na ya magunia ya juti, harufu nzito ya mafuta na vumbi, ikakukaa puani, ikakukaa nguoni, ikakufuata mpaka nyumbani. Mamangu, yaani nyanyako, hakuniruhusu kupita na shati la kazi mbele ya msala wake. "Vua hukohuko uani," akisema, na shati likilala kambani hadi alfajiri, peke yake, kama lenye maradhi ya kuambukiza.

Mwezi uliopita ulikuja hapa Kibokoni na koti lako la kung'aa na kofia ngumu kwapani, umekasirika. Ulisema umewekwa darasani siku mbili nzima kabla ya kuruhusiwa kuigusa mashine hata moja; picha, maswali, karatasi za kutia sahihi, kana kwamba nyinyi ni watoto wa chuoni. Nilikumiminia chai nikanyamaza. Nilikuwa na la kusema, ila halikuwa limepangika. Sasa limepangika, na nakuandikia, kwa sababu mambo haya ukiyasema kwa mdomo mtu hukukatiza palepale panapouma.

Niliajiriwa 1976, nina miaka 22. Nilikuwa nimesoma hesabu za ofisini masomo ya jioni katika chuo kile cha Tudor ambacho wazee wetu hata leo wanakiita MIOME, kilichojengwa kwa michango ya Sultani wa Unguja na Aga Khan na wengineo enzi za gavana Mitchell, kikaja kuwa Politekniki, na siku hizi ni chuo kikuu. Kampuni iliyonichukua sitaitaja. Imekwisha kufa, wenyewe wametawanyika, na maghala kama lile Shimanzi yalikuwa mengi. Mimi nilikuwa karani wa hesabu. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na daftari, kuhesabu magunia yanayoshuka kwenye mabehewa na magunia yanayotoka kwenda melini, na kuandika kila mrundo una safu ngapi. Nikilipwa shilingi 600 kwa mwezi, nazo zilinitosha mimi na mama na kodi ya nyumba, na Ijumaa nikabaki na za mshikaki. Kibarua akilipwa shilingi 14 kwa siku, siku aliyochaguliwa. Siku asiyochaguliwa alikaa chini ya mkungu pale nje mpaka saa nne, kisha akaenda zake.

Wakati huo kahawa ilikuwa dhahabu. Julai 1975 baridi kali ilikuwa imeunguza mikahawa ya Brazili, na 1976 na 1977 bei ikapanda kiasi ambacho watu wa rika langu hawakuwahi kukiona. Kule mpakani na Uganda ya Idi Amin, mahali paitwapo Chepkube, watu wakivusha magunia usiku kwa magendo. Tukisikia habari za mtu aliyelala masikini akaamka na lori. Ya halali na ya magendo, yote njia yake ya kutokea ulimwenguni ilikuwa moja: reli, Shimanzi, Kilindini. Mabehewa yakaja usiku na mchana. Ghala lililojengwa kwa mzigo wa kiasi fulani likatakiwa limeze karibu maradufu yake, na kwa kuwa kuta hazisogei, kilichobaki kilikuwa kupanda juu.

Hebu nikuonyeshe watu wenyewe. Kulikuwa na Wadigo na Wagiriama, Waluo kutoka Kaloleni na Wakamba wa Changamwe, na wazee wawili watatu wa Kishihiri waliobaki katika uhamali baada ya wenzao kufungua maduka. Juu yao wote alikuwa serangi, mtu wa Mji wa Kale, mnene, sauti ya kukwaruza, aliyewahi kuwa baharia wa jahazi na baadaye kuli wa Kilindini. Alikuwemo katika mgomo wa 1955, ule ambao Tom Mboya alikuja kuupatanisha, na akipenda kututajia hilo kila makuli wa bandarini walipopata nyongeza nasi tusipate. Wenzetu wa bandarini walikuwa na chama chao, walikuwa na Juma Boy wa kuwasemea. Sisi wa maghala ya watu binafsi tulikuwa na serangi.

Kila hamali alikuwa na kulabu lake, kipande cha chuma kilichopindwa kama ndoana ya papa, mpini wa mti uliong'aa kwa jasho. Alilitia kwenye pembe ya gunia, mwenzake akatia la pili, na mmoja akaita "Harambee!", na kwa pumzi moja gunia la kilo 60 likawa juu ya bega la wa tatu. Neno hilo wewe umelizoea kwenye nembo ya serikali. Mzee Kenyatta alilifanya wito wa taifa 1963, lakini sisi watu wa pwani tulilijua zamani kuwa ni neno la wabeba mizigo, neno la kukusanya nguvu za watu wengi katika nukta moja ili asiumie mmoja. Na kulikuwa na neno jingine, ambalo wewe hulisikii tena ila kwa wazee. Simile. Nilipokuwa mtoto, majahazi ya Ghuba yalipokuja na kaskazi na kuteremsha tende na mazulia kwenye Forodha ya zamani, mahamali walivuta mikokoteni kupanda vichochoro vyetu, ambavyo unajua upana wake: ukinyoosha mikono wagusa huku na huku. Yule wa mbele hakuona kona, na wa nyuma hakuona chochote. Basi walikuwa wakipaza sauti tangu mbali, "Simile! Simile!", na mama akavuta mtoto ndani, na muuza viazi akaondoa karai lake. Wazee husema neno limetokana na bismillahi. Sisi watoto tulilijua kwa maana moja tu: kuna kizito kinakuja, na anayekileta anakujali.

Mwanzoni mwa 1977 kampuni ikaleta foklifti. Ilikuwa ya manjano, imetumika kwingine, moshi wake wa dizeli ukijaa ghalani mpaka ukionja chumvi ya kikohozi kooni. Dereva alikuwa kijana wa bara, mpole, aliyefundishwa siku moja jinsi ya kuiwasha na kuizima. Honi haikulia tangu siku ilipofika. Hakuna aliyeulizia, kwa kuwa mashine ilikuwa inafanya kazi ya watu kumi, na mkubwa wetu akiitazama kama atazamavyo mtu mtoto wake wa kwanza.

Sasa nifuate taratibu, kwa sababu hapa ndipo penye habari yenyewe. Mrundo wa magunia hupangwa kama ukuta: gunia la juu hukaa juu ya kiungo cha mawili ya chini, yakafungamana, na midomo huelekezwa ndani, ili likifumuka lisimwagikie nje. Serangi alikuwa na kiwango chake, safu 12, basi. Alikirithi kwa waliomtangulia na hakujua kukieleza kwa hesabu, lakini mkono wake ulijua. Kahawa ilipozidi, mkubwa akasema, "Pandisheni." Zikawa 14, zikawa 16. Serangi akalalamika mara mbili, akaambiwa maserangi wako wengi chini ya mkungu. Mwezi wa Novemba nilihesabu safu 19 kwenye mrundo wa pembe ya mashariki. Nilizihesabu mara mbili. Nilijua hesabu: gunia la chini kabisa lilikuwa limebeba zaidi ya tani moja. Na niliona jambo jingine, kwamba magunia ya chini yalikuwa yametobolewa na makulabu, buni inatiririka kidogokidogo, punje kwa punje, na gunia linaloacha punje linanywea, na lililo juu yake linainama. Mrundo ulikuwa umeegemea upande wa njia kwa kiasi cha kiganja. Nikaandika 19 daftarini kwa mwandiko mzuri, nikatia mstari chini, nikaenda kwenye mrundo mwingine.

Kulikuwa na mzee wa Kishihiri, ndevu za hina, mwenye kuja kazini na chupa ya kahawa ya tangawizi na tende katika kitambaa. Mwenye dele wa pale mlangoni akiuza kikombe senti 20, naye mzee akisema hiyo ni maji ya kuoshea dele. Kila saa nne alinipa tende tatu. Hakuwahi kunipa mbili wala nne. Siku hiyo mvua ya vuli ilikuwa inapiga mabati kiasi cha kutosikilizana, na dereva alikuwa akirudi nyuma na mzigo. Nyuma ya foklifti ikagusa pembe ya mrundo, mguso mdogo tu, kama mtu anavyopita akakugusa bega sokoni. Watu hudhani maporomoko huwa na kishindo. Nilichokisikia mimi, pamoja na mvua, ni sauti ndefu ya mtama unaomwagwa kwenye sinia. Nilipogeuka niliona vumbi la kijani kibichi limesimama hewani, na magunia yamekaa mahali ambapo palikuwa njia, yametulia kana kwamba yalipangwa hapo. Tuliyaondoa kwa mikono. Hakuna aliyeita harambee, kila mtu alivuta lake, kwa hiyo ilichukua muda zaidi kuliko ilivyopasa. Mzee alikuwa hai tulipomfikia. Alifariki kabla ya alasiri, na kesho yake tukamzika Kikowani.

Nilitumwa mimi nipeleke rambirambi kidogo iliyochangwa na wafanyakazi, kabla ya fidia ya kisheria ambayo ilikuja baada ya miezi mingi. Nyumba ilikuwa Mkanyageni, chumba kimoja ghorofani, ngazi ya mbao iliyochakaa katikati. Mkewe alikuwa eda, kwa hiyo alizungumza nami akiwa nyuma ya pazia. Alinishukuru, akaniletea kahawa kwa mkono wa mtoto, ya tangawizi, ileile. Kisha akauliza swali moja. "Hivyo, mwanangu, hapakuwa na mtu wa kumwambia simile?" Nilisema mvua ilikuwa kubwa. Hilo lilikuwa kweli. Sikumwambia habari ya safu 19. Alifariki 1991, na kati ya siku ile na siku hiyo nilimtembelea kila Idi, na sikumwambia.

Mkaguzi wa viwanda alikuja kutoka wizara ya kazi, akapima, akaandika. Mwaka uleule wa 1977 zilikuwa zimetoka kanuni za huduma ya kwanza viwandani, za kutaka kuwe na sanduku la dawa na mtu anayejua kulitumia. Letu lilikuwa na bendeji moja na chupa ya aspirini. Mazungumzo kati ya mkaguzi na wakubwa sikuyasikia. Nilichokiona ni kwamba mirundo ilishushwa mpaka 12, na Agosti 1978 akaletwa mkufunzi atufundishe wiki mbili, saa mbili kila siku, kabla ya kazi ya mchana. Ilikuwa Ramadhani.

Mkufunzi alikuwa Mkenya wa bara, mwembamba, miwani mizito, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Siku ya kwanza alitundika shuka ukutani akatuonyesha picha za kiwanda cha Uingereza, watu wamevaa majaketi, dirishani theluji. Alizungumza Kiingereza na mimi nikatakiwa nitafsiri. Mwanangu, nilishindwa. Alikuwa na maneno mawili, moja la kitu chenye uwezo wa kudhuru, jingine la uwezekano wa kudhurika kwenyewe, nami yote mawili nikayaita hatari, na watu wakatikisa vichwa kwa adabu, vinywa vikavu, wakisubiri saa zipite. Mzee mmoja alilala. Baada ya darasa yule mkufunzi hakukasirika. Alinikalisha juu ya gunia akaniuliza, "Hawa wanaelewa nini?" Nikamwambia hawaelewi kitu. Na serangi, aliyekuwa amesimama kando akisukutua mdomo, akasema kwa Kiswahili chake cha Mvita, "Mwambie kesho anipe mimi chaki."

Kesho yake shuka halikutundikwa. Serangi alichora duara kwenye sakafu ya saruji. "Hiki kisima cha uani kwetu," akasema. "Kina pima sita. Kipo tangu babu yangu. Kisima ndicho hicho cha kwanza anachosema mwalimu. Sasa mtoto anacheza uani, na mfuniko mtu ameusahau ukutani. Hicho ndicho cha pili." Akaonyesha kwa chaki kwenye mrundo uliokuwa nyuma yake. "Haya, kile kisima. Mfuniko u wapi?" Watu wakaamka. Mmoja akasema mfuniko ni safu 12. Mwingine akasema ni kuelekeza midomo ndani. Mgiriama mmoja kijana, ambaye sikuwahi kumsikia akisema mbele za watu, akasema mfuniko ni karani, kwa kuwa yeye ndiye anayehesabu. Nilihisi uso wangu unawaka. Mkufunzi aliuliza amesema nini, nikamtafsiria neno kwa neno, sikupunguza. Akaandika katika kijitabu chake.

Tangu siku hiyo darasa likawa la watu wawili, yeye na serangi, nami katikati. Sifa kubwa ya mkufunzi yule, na mpaka leo namwombea heri, ni kwamba alijua kusikiliza. Alitaka makulabu yapigwe marufuku, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yanatoboa magunia. Mahamali wakamwonyesha vidole vyao, kucha zilizong'oka siku walizobeba bila kulabu, akanyamaza akafikiri. Wakakubaliana: kulabu liingie kwenye pembe iliyoshonwa tu, na gunia lililotoboka litengwe, lisirudi mrundoni mpaka lishonwe. Akateuliwa kijana mmoja akae na shazia na uzi wa katani, kazi yake hiyo tu, kutwa. Kijana yule na shazia yake waliokoa buni nyingi kiasi kwamba mkubwa aliyelalamikia mshahara wake baada ya mwezi alikuwa anamletea soda. Kuhusu foklifti, mkufunzi alifundisha kubeba mzigo chini, kutazama uendako, kusimama kwenye pembe, na asipande mtu juu ya vyuma vyake kuchukua gunia la juu, jambo tulilokuwa tukilifanya kila siku. Akaulizia honi. Dereva akainamisha kichwa, na hakuwa amesema na mtu vizuri tangu Novemba. Serangi akamwekea mkono begani. "Si yeye," akasema. "Chombo kimeletwa mjini bila simile." Honi ikatengenezwa wiki ileile, na tangu hapo haikuitwa honi tena. Ukiingia ghalani ukisikia mtu anapiga kelele, "Piga simile wewe!", ni foklifti inakaribia pembe.

Jambo moja lilimtia mkufunzi hofu kuliko yote, nalo sisi hatukulijali. Mirundo ilikuwa ikifukizwa dawa ya wadudu chini ya turubai, methili bromaidi, na alama ya fuvu ilibandikwa kwa karatasi ambayo upepo uliichukua. Wakati wa Ramadhani watu walitafuta ubaridi wa kulala adhuhuri, na hakuna ubaridi kama wa kando ya mrundo uliofunikwa. Mkufunzi alipowaona watatu wamelala hapo alipiga yowe kwa Kiswahili safi ambacho hatukujua anacho. Alitueleza kwamba dawa ile karibu haina harufu yoyote. Nyinyi, akasema, mmezoea kuamini pua zenu. Pua zenu zinaijua samli iliyochina na samaki wa jana, lakini hiki hazikijui. Siku iliyofuata kamba ilivutwa kuzunguka mrundo ule, na mlinzi akawekwa.

Tarehe 22, Jumanne, lilikuwa somo la kunyanyua. Mkufunzi alikuwa na picha ya mtu anayechuchumaa na mgongo ulionyooka, naye serangi akasema mtu wa peke yake hanyanyui gunia, watu wananyanyua, na kinachovunja mgongo ni mmoja kuanza kabla ya mwenzake. Basi wakawa wanafanya mazoezi wawili wawili, wa tatu akiita. Gunia lilikuwa kati ya mikono ya watu na bega la mwenzao mlinzi alipoingia na redio yake mkononi, ameikumbatia kama mtoto. Mzee amefariki. Amefia hapahapa Mombasa, Ikulu, kule upande wa pili wa kisiwa, alfajiri ya siku hiyo, wakati sisi tunakula daku. Kila mtu aliganda. Niliona mikono ya wale wawili inaanza kutetemeka na gunia bado liko juu, na hakuna mtu aliyethubutu kutamka neno lile ambalo marehemu alilifanya lake. Serangi ndiye aliyelitamka, taratibu, karibu kwa kunong'ona. "Harambee, wanangu. Lisiwaangukie." Wakalishusha. Kisha ndipo tukaketi tukasikiliza redio, na Mluo mmoja mtu mzima akaanza kulia, na hatukusoma tena mpaka wiki iliyofuata.

Kitu cha mwisho alichotuachia mkufunzi kilikuwa daftari. Alikuwa na neno la Kiingereza la ajali inayokaribia kutokea kisha isitokee, na alitaka kila iliyo ya namna hiyo iandikwe, kwa hoja kwamba ajali kubwa hutanguliwa na ndogo nyingi ambazo watu huzimezea mate na kushukuru Mungu. Safari hii sikuhangaika na tafsiri. Nikaandika juu ya jalada: CHUPUCHUPU. Daftari likatundikwa mlangoni kwa msumari na kalamu ikafungwa kwa uzi wa katani, na masharti yalikuwa mawili: anayeandika haulizwi kwa nini, na kila Jumamosi serangi husomewa mbele ya watu wote. Wasiojua kuandika walinijia mimi. Mwanzoni zilikuwa moja mbili kwa wiki, kisha wakazoea. Kulabu limeanguka kutoka juu, limepita karibu na sikio. Ubao wa mlango wa behewa umeoza. Dereva amesinzia, tumempa chai. Safu zimefika 13, nani ameruhusu? Hili la mwisho niliandika mimi, na mkubwa alilisoma, na zikashushwa.

Sikwambii kwamba hakuna aliyeumia tena. Vidole viwili vilikatika, na mguu wa yule kijana wa shazia ulivunjwa na gurudumu la behewa. Lakini mpaka kampuni ilipofunga milango 1986 hatukwenda tena Kikowani kwa ajili ya ghala lile. Sheria nazo zikafuata kwa mwendo wake. Ile ya viwanda tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mkoloni, ilianza kutumika 1951. 1990 ikapanuliwa iguse na mahali pengine pa kazi. 2004 zikaja kanuni kwamba penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Na 2007 ikatungwa mpya kabisa, inayomlazimu mwajiri kumfundisha mtu kabla hajamkabidhi mashine. Siku zako mbili za darasani zinatoka hapo. Picha walizokuonyesha najua zilikuwa za nchi nyingine, na aliyezisoma huenda alizisoma kama mtu anayekimbizwa na saa. Basi muulize. Mwambie akuonyeshe kisima kiko wapi hapo mnapofanya kazi nyinyi, si kwenye picha. Na kama hajui, tafuta mzee aliyekaa hapo miaka mingi umpe chaki.

Daftari nimelifunga katika kitambaa cheupe, atakuletea dadako akija huko Jumapili. Jalada limeliwa na mende upande mmoja. Ukurasa wa kwanza utauona ni wa mwandiko wangu, wa Novemba 1977, niliouandika baadaye, na hiyo haikuwa chupuchupu. Nyuma zimebaki kurasa kumi na moja hazijaandikwa kitu. Uzi wa katani nimeubadilisha, ule wa zamani ulikatika, na kalamu nimetia mpya.